Asili ya Neno Transista

Neno transista liliingia katika Kiswahili pamoja na kitu chenyewe, nalo liliingia kwa njia ya soko wala si kwa njia ya chuo. Redio ndogo zitumiazo betri za tochi zilipoanza kuenea pwani na bara, wanunuzi walilisikia jina hilo na kulichukua. Wengine walisema redio ya transista. Wengine walikata maneno wakasema transista tu, na kila msikilizaji akafahamu kuwa redio ndiyo inayotajwa. Waliopata kufungua mgongo wa redio hiyo walikuwa wachache. Hao ndio waliojua kwamba transista kwa hakika si redio, bali ni kidude kisichozidi punje ya mahindi, chenye miguu mitatu, ambacho kazi yake ni kuukuza mkondo dhaifu wa umeme hata uweze kuvumisha kipaza sauti.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wetu wa fizikia alituandikia ubaoni kwamba neno hili limeungwa kwa maneno mawili ya Kiingereza: "transfer", yaani kuhamisha, na "resistor", yaani kikinza umeme. Kwa hiyo, akasema, transista ni kitu kinachohamisha ukinzani kutoka mahali pamoja hadi mahali pengine. Tuliandika, tukakariri, tukajibu hivyo katika mtihani, tukapewa alama zetu. Haikunijia akilini hata mara moja kuuliza ukinzani wahamaje. Ukinzani si mzigo wa kutiwa kichwani ukapelekwa ng'ambo; ni sifa ya kitu, kama ugumu ulivyo sifa ya jiwe, na hakuna anayehamisha ugumu akaliacha jiwe. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba maelezo yale hayakutoka katika elimu ya umeme. Yalitoka katika elimu ya asili ya maneno. Na asili yenyewe iliyotumiwa kuyajenga ina shaka. Hapa twaona jambo ambalo si nadra: neno hufasiriwa kwa haraka, kisha tafsiri ile hupandishwa cheo ikawa sayansi, na watoto wakaisoma.

Kifaa chenyewe kilizaliwa Marekani, katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell iliyokuwa Murray Hill, New Jersey. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi ya kukuza umeme ilikuwa imefanywa na vali, zile chupa za kioo zilizoondolewa hewa. Vali ilifanya kazi yake vizuri, lakini ilikuwa na tabia za taa: ilitaka kupashwa moto kwanza, ilikula umeme mwingi, ilivunjika, na siku moja iliungua. Mashine kubwa ya kuhesabu iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu katika mwaka 1946, ilikuwa na vali karibu 18,000, na mtu aweza kukisia kazi ya kutafuta iliyoungua miongoni mwao. Maabara ya Bell ilitaka kitu kigumu, kisicho na kioo wala moto. Tarehe 16 Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain walichukua kipande cha jemaniamu, wakakandamiza juu yake ncha ya pembetatu ya plastiki iliyovishwa ukanda mwembamba wa dhahabu, nao ukanda ule ulikuwa umepasuliwa kwa wembe penye ncha ili zipatikane ncha mbili zilizokaribiana mno pasipo kugusana. Umeme ulioingia kwa ncha moja ulitoka kwa nyingine ukiwa umekuzwa. Tarehe 23 mwezi ule ule wakubwa wa maabara waliitwa wakasikia sauti ya mtu ikikuzwa na kipande hicho. William Shockley, aliyekuwa mkuu wa kikundi chao, akabuni umbo jingine lililo bora zaidi muda mfupi baadaye, na watu hao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel katika mwaka 1956.

Lakini katika miezi ya mwanzo ya 1948 kitu kilikuwapo na jina halikuwapo, na bila ya jina kisingeweza kutangazwa.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye vitabu vya shule humsahau. John R. Pierce, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 2002, alikuwa mhandisi katika maabara ile ile, bingwa wa vali, na tena mtu wa kalamu: aliandika hadithi za kubuni za sayansi kwa jina la bandia la J. J. Coupling, na jina hilo nalo ni mzaha wa wanafizikia. Brattain alisimulia baadaye kwamba siku moja alimwona Pierce akipita, akamwita ndani, akamweleza shida yake. Walitaka jina litakalokaa vizuri pamoja na majina ya vifaa viwili vilivyokuwapo tayari, "varistor" na "thermistor". Pierce akafikiri. Akakitaja kipimo kikuu cha vali. Kisha akakitaja kinyume chake. Kisha akatamka neno jipya, na Brattain akasema kuwa ndilo.

Mawazo yale mafupi yastahili kufunguliwa, maana ndani yake imo siri yote. Katika vali, volteji ya upande wa kuingilia huongoza mkondo wa upande wa kutokea. Nguvu ya uongozi huo hupimwa kwa kugawa mkondo wa kutokea kwa volteji ya kuingilia. Nasi twajua kwamba mkondo ukigawanywa kwa volteji hupatikana upitishaji, ambao Waingereza huuita "conductance", neno lililotungwa na Oliver Heaviside katika miaka ya 1880. Lakini upitishaji huu si wa waya mmoja. Sababu iko upande huu na matokeo yako upande ule. Kwa hiyo wahandisi waliutanguliza neno la Kilatini "trans", lenye maana ya kuvuka au ng'ambo, wakaita "transconductance", yaani upitishaji wa kuvuka. Pierce aliona kuwa kifaa kipya ni pacha wa vali aliyegeuzwa: kwake ni mkondo unaoongoza volteji. Geuza mgawanyo ule, volteji ya kutokea kwa mkondo wa kuingilia, nawe wapata ukinzani. Na kwa kuwa nao ni wa kuvuka, jina lake ni "transresistance". Likate neno hilo, ulipe mkia wa "varistor" na "thermistor", nawe una "transistor".

Msomaji ataona kuwa katika hesabu hiyo hakuna kinachohamishwa. "Trans" ya Pierce haisemi habari ya kuhamisha; yasema habari ya pande mbili. Hili ndilo lililotupotea darasani.

Ingekuwa raha kama habari ingekomea hapo, lakini kuna shahidi wa pili, naye ni karatasi. Tarehe 28 Mei 1948 waraka ulitumwa kwa wafanyakazi wa maabara ukiwataka wapige kura juu ya jina. Majina yaliyoshindanishwa yalikuwa sita. Manne kati yake yalikuwa ya kiofisi, yote yakitumia neno "triode" lililokuwa jina la vali yenye ncha tatu: "semiconductor triode", yaani triodi ya nusu-kipitishi, "surface states triode", lililotaja nadharia ya hali za elektroni usoni mwa fuwele, "crystal triode", triodi ya fuwele, na "solid triode", triodi ya yabisi. La tano lilikuwa "iotatron", lenye herufi ya Kiyunani iota kuonyesha udogo, pamoja na mkia "-tron" ambao wahandisi wa zama zile waliupenda mno na kuubandika kila mahali. La sita lilikuwa "transistor". Nakiri kwamba "iotatron" hunichekesha kila nilisomapo. Twashukuru kura haikuliangukia, maana sijui mkulima wa Dodoma au mvuvi wa Lamu angelitamkaje.

Waraka ule ulieleza pia asili ya kila jina. Juu ya jina la sita ulisema kwamba ni ufupisho wa "transconductance" au "transfer", ukiungwa na "varistor". Angalia vizuri maneno hayo, maana kila moja lina uzito. Kwanza, neno "transresistance" la Pierce halimo. Pili, mkia wa jina haukuchukuliwa katika "resistor" bali katika "varistor". Tatu, lile "transfer" ambalo mwalimu wetu alilitegemea limo, lakini limo baada ya "au", tena waraka wenyewe watuonyesha kuwa lililokusudiwa ni "transfer impedance", istilahi ya wahandisi ambayo maana yake ni uwiano wa volteji ya upande mmoja na mkondo wa upande wa pili. Hata huko, basi, hakuna ukinzani uliofunga safari.

Kwa hiyo tuna mashahidi watatu wasiosema mamoja: aliyelitunga neno, kamati iliyolipigia kura, na kamusi kubwa za Kiingereza, ambazo zilikuja kuandika kwa mkato kwamba neno limetokana na "transfer" na "resistor". Mtu atauliza ni yupi wa kuaminiwa. Ushahidi wa Pierce una kasoro moja, nayo ni kwamba aliusimulia baada ya miaka kupita, na kumbukumbu hupenda kuyanyoosha mambo yaliyopinda. Ushahidi wa waraka una kasoro iliyo kinyume chake: uliandikwa siku zile zile, lakini uliandikwa na kamati, na kamati hueleza neno jinsi ilivyolielewa, si jinsi lilivyozaliwa. Hata hivyo mashahidi hawa wawili wanakubaliana juu ya mambo makubwa. Wote wawili wanaupeleka mwanzo wa neno kwenye ukoo wa vipimo vya kuvuka, na mwisho wake kwenye ukoo wa "varistor". Tofauti yao ni ya chumba kimoja katika nyumba moja. Kamusi ndizo zilizotoka nje ya nyumba. Zilichagua maneno mawili ambayo kila msomaji anayajua, nazo zilifanya hivyo, nadhani, kwa kuwa "transconductance" humtia mtu hofu.

Mimi naona kuwa "resistor" si mzazi wa neno hili bali ni babu. "Varistor" lenyewe ni mchanganyiko wa "variable", kitu kibadilikacho, na "resistor". "Thermistor" ni mchanganyiko wa "thermal", neno la joto lenye asili ya Kiyunani, na "resistor" hiyo hiyo. Babu alizaa wana wawili, na mjukuu akarithi mkia kwa wana wala si kwa babu. Kwa mtu wa kawaida tofauti hii ni ndogo, lakini kwa mwanafunzi wa lugha ni kubwa, kwa sababu yaonyesha jinsi kipande cha neno kisicho na maana yoyote kinavyoweza kupata maana kwa kurudiwarudiwa.

Na tukitazame kipande hicho katika Kilatini. Kitenzi cha mwanzo ni "stare", kusimama. Kutokana nacho Warumi walipata "sistere", kusimamisha au kujisimamisha, na kutokana na hicho, kwa kutanguliza "re-", wakapata "resistere", kusimama kinyume na kinachosukuma. Waingereza waliokota "resist", wakakipa "-or" ya kuonyesha kitendaji, wakapata "resistor", kikinza. Mpaka hapo Mrumi angefahamu. Lakini waliotunga "varistor" walikata mahali ambapo Mrumi asingekata kamwe: waliondoa "re-" pamoja na "s" inayoifuata, wakabaki na "-istor", kipande ambacho katika Kilatini si mzizi, si kiambishi, si kitu. Katika "transistor" twapata ajali nyingine yenye kupendeza. Silabi "trans" yaishia kwa "s", na "sistere" yaanza kwa "s". Zikikutana, herufi moja yatumikia pande zote mbili, na neno laonekana kana kwamba ni Kilatini safi, "trans" na "sistere", kisimamacho ng'ambo. Wako waliodanganyika. Walakini kama Mrumi angetaka kuunda jina la kitendaji kutokana na "sistere" angesema "stator", kama walivyomwita mungu wao Jupita, Jupiter Stator, msimamishaji wa askari wanaokimbia. Na neno hilo wahandisi walikuwa wamekwisha kulichukua kwa kutajia ile sehemu ya mota isiyozunguka.

Kilatini kibovu, basi, lakini Kiingereza chenye nguvu. Baada ya 1948 ule mkia usio na asili ulipata uhai wake. Likaja "thyristor", ambalo mwanzo wake watokana na neno la Kiyunani la mlango. Na katika mwaka 1971 Leon Chua akapendekeza "memristor", kikinza chenye kumbukumbu. Asiyejua umeme kabisa akisikia neno liishialo "-istor" leo atadhani, na atakuwa sahihi, kwamba ni kitu cha mafundi wa elektroniki.

Wanaisimu wetu huita kuunga huku uhulutishaji, kwa neno lenye asili ya Kiarabu la kuchanganya. Wako wanaodhani kuwa ni desturi ya kigeni. Lakini sisi nasi tuna hataza, lililoungwa kwa hati na kataza, nalo limekatwa kwa ustadi ule ule: "ti" ya hati na "ta" ya kataza zimekutana, "t" moja ikabaki kuhudumia zote mbili. Tuna chajio, kutokana na chakula cha jioni. Na tuna jina lililo kubwa kuliko yote hayo, Tanzania, lililotangazwa tarehe 29 Oktoba 1964, ambalo limeunga mwanzo wa Tanganyika na mwanzo wa Zanzibar, kisha likafungwa kwa "-ia", mkia wa Kilatini wa majina ya nchi.

Turudi kwenye redio. Jina jipya lilitangazwa New York tarehe 30 Juni 1948, na gazeti la New York Times la siku ya pili yake liliipa habari hiyo aya chache tu katika ukurasa wa 46, mwishoni mwa safu ya habari za redio. Mwaka uliofuata, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Waafrika walianza kuuziwa redio ya bei ndogo iliyofanana na sufuria, na kwa kufanana huko ikapata jina. Bei yake ilikuwa paundi 5, nayo ilitumia vali; kwa hiyo ilihitaji betri kubwa ya pekee, ambayo ilipokwisha mwenyewe alipaswa kutoa shilingi 25 kwa nyingine. Hiyo ndiyo gharama ya vali kwa mtu asiye na umeme nyumbani. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza katika mwaka 1951, hali ilikuwa hiyo hiyo kwetu. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitangazwa Marekani katika Oktoba 1954. Ilikuwa na transista nne na bei ya dola 49.95. Mwaka uliofuata Wajapani wa kampuni ambayo baadaye iliitwa Sony wakatoa ya kwao, na tangu hapo bei ikawa inateremka. Betri za tochi zikatosha. Redio ikaweza kutundikwa kwenye usukani wa baiskeli, ikaenda shambani na kwenye ngalawa.

Haishangazi, basi, kwamba jina la kidude likawa jina la redio nzima. Waingereza walifanya hivyo pia, wala hatukuwaiga kwa hili. Mtu hutaja kitu kwa kile kilichokitofautisha na kilichotangulia, na kilichoitofautisha redio ile na redio ya sebuleni kwa tajiri kilikuwa ni transista. Neno lenyewe lilikaa vizuri kinywani. Ule mkia wa Kilatini "-tor" ulikuwa umekwisha kutufikia mara kadhaa na kila mara tukauvika nguo: katika daktari, ambalo mzizi wake ni "docere", kufundisha, katika mota, kutokana na "movere", kusogeza, katika trekta, kutokana na "trahere", kuvuta. Transista lilipofika lilikuta ndugu zake wameshapanga safu, likaketi. Hata redio iliyolibeba ni jamaa yake wa mbali, maana hilo nalo ni Kilatini, "radius", mwali.

Leo matumizi hayo yamefifia. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana ina transista kwa mabilioni, na hakuna aiitaye simu yake transista. Neno limerudi kwa mafundi lilikotoka, ila kwa wazee wachache ambao wakisema wazimiwe transista wanataka redio inyamaze. Wahariri wa kamusi zetu wapaswa kuziandika maana zote mbili, ya kidude na ya redio, ingawa ya pili yaelekea kuwa ya kale. Na penye asili wasinakili "transfer" na "resistor" kama zilivyo katika kamusi za wenyewe. Waandike: Kiingereza cha Marekani, 1948; jina lililotungwa na J. R. Pierce, mwanzo wake katika vipimo vya umeme vya kuvuka, mwisho wake kwa mfano wa "varistor".